Mbeba Makabati Anayeuonea Wivu Mgongo wa Mwenzake

Ni saa mbili asubuhi na kabati la milango mitatu limekwama kwenye kona ya ghorofa ya kwanza. Upande wa chini, mwanamume wa miaka hamsini na moja amelikinga kwa bega la kulia, shavu limebanwa kwenye mbao, mguu mmoja ngazi hii na mwingine ngazi ile. Upande wa juu yuko mwenzake mpya, ambaye tangu waanze kupanda hajatoa neno.

"Sema basi," anaguna yule wa chini. "Kona imeisha au bado?"

Kimya. Kabati linatikisika, linainuka kidogo, linapita kona kwa kukwaruza rangi. Mama mwenye nyumba anachungulia kutoka ghorofa ya tatu na kuwaomba waangalie ukuta wake. Mgongo wa mtu hakuna aliyeuombea.

Kabati likishatua chumbani, yule wa chini anatoka hadi koridoni, anaegemea ukuta, anaweka mikono kiunoni na kufumba macho. Anakaa hivyo mpaka uso unarudi kuwa uso. Halafu anasema jambo ambalo mwandishi wa makala haya hakulitegemea kutoka kwa mtu mwenye maumivu kiasi hicho.

"Unajua kinachoniuma zaidi ni nini? Si kiuno. Ni yule bwana pale dukani, anavyokaa wima."

Huyu anaitwa Chini. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, ila hata mkewe hulitumia akiwa na hasira tu. Na yule bwana wa dukani anaitwa Juu.

Majina hayo waliyapata kazini. Kwa zaidi ya miaka ishirini wawili hao wamekuwa wabebaji wa duka moja la samani, lenye karakana ya seremala kwa nyuma na magodoro ya maonyesho kwa mbele. Kazi yao ni kupandisha makabati, vitanda na meza kwenye nyumba za ghorofa ambazo ama hazina lifti, au lifti ipo na imeharibika tangu mafundi walioifunga walipoondoka.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Wa chini hubeba uzito. Wa juu hutangulia kinyumenyume, ameinama, ameshika ukingo wa kabati, huku akizipapasa ngazi kwa kisigino. Kwa kuwa wa chini haoni kitu ila mbao, wa juu humtajia njia. Kila kisigino kikigusa, anasema.

"Ngazi. Ngazi. Kona. Pumua."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasikia Chini zaidi ya maneno mengine yoyote maishani mwake, ukiacha ya mkewe. Anasema sauti ya Juu ilikuwa kama mkono wa kushikiwa gizani. Alikuwa akisikia jamaa anavuta pumzi tu, tayari anajua kona inakuja.

Lakini hakuwahi kumwambia. Kinyume chake, miaka yote alimtania kuwa anafanya kazi ya mdomo. Mteja akileta maji, glasi ya kwanza ilikuwa ya Chini, kwa sababu ndiye aliyelowa jasho. Hiyo ilikuwa heshima yake, na aliilinda kama mtu anavyolinda kiti chake kwenye foleni.

Kabati moja hadi ghorofa ya tatu humpa kila mbebaji chakula cha nyumbani kwake cha siku mbili. Siku nzuri wanapandisha matatu. Siku mbaya wanalala kwenye magodoro ya maonyesho mpaka mwenye duka aje awafukuze. Chini amezoea kuhesabu kila kitu kwa makabati: bati za nyumba yake, kitanda chake mwenyewe, harusi ya binti yake mkubwa.

Maumivu yake yalianza miaka minne iliyopita, bila ajali wala kishindo. Yalianza kama uchovu wa kiuno, yakabaki kama mgeni asiyeaga. Asubuhi ikifika, Chini huamka kabla ya mgongo wake. Hujiviringisha ubavu, hushusha miguu, hujisukuma kwa kiwiko, kisha hukaa ukingoni mwa kitanda akisubiri mwili uridhie.

"Soksi nilikuwa namvalisha mimi, kama mtoto wa chekechea," anasimulia mkewe, mama mcheshi anayeshona sare za shule mlangoni kwake. "Halafu huyohuyo anatoka kwenda kubeba kabati. Nikimuuliza akili kaziacha wapi, ananijibu kuwa Juu anatembea vizuri."

Na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo.

Juu naye aliumwa mgongo, tena alianza baada ya Chini. Maumivu yake yalishuka kwenye mguu wa kushoto kama moto hadi dole gumba. Asubuhi moja mguu ukagoma kabisa kuinuka, akawa anaukokota kama kandambili iliyokatika. Akapigwa picha ya MRI, ikaonekana diski imechomoza na kubana mshipa wa fahamu. Akapasuliwa.

Upasuaji uligharimu, kwa hesabu za Chini, makabati mia nne. Duka lilichangia, ndugu walichangia, Chini pia alichangia. Jambo la mwisho hulitaja mwenyewe, hata asipoulizwa.

Baada ya miezi michache Juu alirudi akiwa amenyooka. Madaktari walimkataza kubeba mizigo kwa muda, kwa hiyo mwenye duka akamweka mbele, kwenye stuli, apokee simu za wateja na kupanga safari za wabebaji. Akaanza kuvaa shati la kuchomekea. Akaanza kuinama kuokota kalamu yake mwenyewe, tena taratibu, huku akiwa na uhakika kuwa watu wanamwangalia.

"Kalamu ilikuwa inamdondoka sana kipindi kile," anasema Chini. "Sijawahi kuona mtu anaangusha kalamu kiasi kile."

Zaidi ya yote, kulikuwa na mshono. Una urefu wa kidole cha shahada, na Juu hakuwa mchoyo nao. Mteja akiuliza habari za afya, shati lilipandishwa. Nyumbani kwake, mkewe alikuwa ameibandika ile picha ya hospitali kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, mwanga upite, wageni waone pale diski ilipochomoza. Chini alikwenda kumjulia hali mara ya kwanza, shemeji yake akamshika mkono na kumpeleka dirishani kama anamwonyesha picha ya harusi.

Alirudi nyumbani hana raha. Mkewe anakumbuka alivyokataa chai.

"Wanaume wengine wanaonea wivu gari la jirani," anasema mama huyo bila kuinua macho kwenye cherehani. "Wangu anaonea wivu kidonda."

Chini hakatai. Ni mtu anayesema lililo moyoni, hata likiwa halimpambi. Anakiri kuwa ana roho ya kwa nini, na anaeleza chanzo chake kwa utulivu wa mtu aliyelifikiria jambo kwa muda mrefu.

"Miaka yote mzigo nimebeba mimi. Yeye kazi yake kutaja ngazi. Sasa iweje ugonjwa mkubwa aupate yeye? Mimi ndiye niliyetakiwa nivunjike. Angalau watu wangeona kuwa nilikuwa nafanya kazi."

Kwa hiyo alipokwenda kwa daktari, alikwenda akiwa na jibu tayari. Alitaka upasuaji.

Daktari aliyempokea ni mama mmoja mtulivu wa kitengo cha mifupa. Alimlaza, akamkunja magoti, akampima nguvu za vidole, akamgonga kwa kinyundo. Alimwambia kuwa picha haihitajiki. Chini aliing'ang'ania mpaka akapigwa. Majibu yalipotoka, yalisema mgongo wake una uchakavu wa kawaida wa mtu wa umri wake. Hakuna diski iliyochomoza, hakuna mshipa uliobanwa.

"Mwingine angeshukuru Mungu," anasema. "Mimi nilijisikia kama nimefeli mtihani."

Daktari alimweleza njia zilizopo, moja baada ya nyingine, na Chini alizisikiliza kama mtu anayeonyeshwa viatu visivyomtosha. Upasuaji haukuwepo, kwa sababu hapakuwa na cha kuondoa. Sindano ya mgongoni huwatuliza baadhi ya watu kwa wiki kadhaa, hasa wenye mshipa uliobanwa, lakini kwa maumivu ya aina yake daktari hakuiwekea dhamana. Vidonge alikuwa tayari anavitafuna, na tumbo lilishaanza kulalamika. Mkanda wa kiuno husaidia kwa muda mfupi, ila ukivaliwa kutwa nzima misuli inazubaa.

Ikabaki njia ambayo hakuitaka hata kuisikia: kupunguza uzito anaobeba, na kufanya mazoezi ya viungo kwa wiki kumi na mbili, hospitalini mara mbili kwa wiki na nyumbani kila siku. Hata hiyo, daktari alisema, haiahidi kumaliza maumivu. Inaweza kuyapunguza, na kumrudishia mwili wake kidogo kidogo.

"Mwenzangu kapasuliwa na bingwa, taa kubwa zinamulika, watu wanasubiri nje wanalia," anasema Chini. "Mimi naambiwa nilale sakafuni ninyanyue makalio."

Akauliza kama kuna upendeleo. Daktari akamwambia hakuna. Akauliza inakuwaje basi aliyebeba uzito awe mzima, na aliyetaja ngazi awe mgonjwa. Hapo daktari, bila kujua anakanyaga wapi, alimjibu kuwa kuinama kutwa huku umeshika kitu kizito mbele ya mwili ni adhabu kubwa kwa kiuno, na kwamba kazi ya wa juu huenda ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

"Nilimwelezea kwa nia njema," anasema daktari huyo, ambaye Chini alimruhusu kuzungumza na mwandishi. "Nikaona uso umebadilika. Nadhani ningemwambia ana saratani angenisamehe mapema."

Chini alitoka hospitalini hapo na mpango. Si mpango wa kujivunia, na ameomba uandikwe kama ulivyo, kwa sababu anasema kuna wengine wataufikiria.

Alikwenda nyumbani kwa Juu akijua mwenyewe yuko dukani. Alimwomba shemeji yake ile picha ya dirishani, akasema daktari wake anataka kulinganisha. Shemeji aliibandua kwa uangalifu na kumfungia kwenye khanga. Chini akaifunika ile kona yenye jina kwa selotepu nyeusi, akapanda basi hadi hospitali nyingine, upande wa pili wa mji. Huko akamwona daktari bingwa wa upasuaji na kumkabidhi mgongo wa Juu kama wake.

Mambo yalianza vizuri. Daktari aliitazama picha kwenye mwanga na kutikisa kichwa kwa masikitiko. Chini anasema masikitiko yale yalimwingia kama maji ya baridi. Hatimaye mtu msomi alikuwa anauhurumia mgongo wake, hata kama haukuwa wake.

"Mguu wa kushoto unaungua?" aliulizwa.

"Unaungua."

"Mpaka kwenye dole gumba?"

"Mpaka kwenye dole gumba, daktari. Nausikia hata sasa hivi."

Daktari akamlaza chali, akaushika mguu wa kushoto akiwa ameunyoosha, akaanza kuuinua polepole. Chini alikuwa na hamu kubwa ya kuonekana mgonjwa mtiifu. Alilegeza mguu kama alivyoambiwa, akausindikiza mpaka ukasimama kama nguzo ya umeme. Kuumia alisahau.

Daktari alimshusha mguu, akaiangalia picha tena, akaigusa ile selotepu kwa ukucha.

"Mwenye picha hii yuko wapi?" akauliza.

Chini anasema uongo ulimwishia palepale. "Yuko dukani," akajibu. "Ameshapasuliwa, amekaa kwenye stuli."

Daktari hakumfokea. Alivuta kiti, akamweleza kwa sauti ya chini kuwa mwenye picha ile, kabla ya kupasuliwa, asingeweza kuinuliwa mguu hata nusu ya pale bila kupiga kelele. Akamweleza pia kuwa kama angekuwa na haraka siku hiyo, na asimpime, angeweza kumfungua mtu mahali ambapo hapana ubaya wowote, na mtu huyo angeamka na maumivu yake yote ya zamani pamoja na mengine mapya. Chini alishuka kitandani, akafunga picha kwenye khanga, akaaga.

Aliirudisha jioni hiyohiyo. Kwa aibu aliyokuwa nayo, aliitoa kwenye khanga na kumkabidhi shemeji yake haraka haraka. Selotepu aliisahau. Picha ikarudi dirishani ikiwa na mstari mweusi juu ya jina la mwenyewe, na Juu aliporudi kutoka kazini, kitu cha kwanza alichokiona sebuleni kwake kilikuwa hicho. Mkewe akamweleza nani aliyeiazima.

Juu ni mtu wa maneno. Kazi yake ilikuwa maneno. Kwa hiyo aliponyamaza siku mbili, duka zima lilijua kuna jambo. Siku ya tatu alishuka kwenye stuli, akamfuata Chini aliyekuwa amelala kwenye godoro la maonyesho, akasimama juu yake.

"Ulitaka upasuliwe kwa picha yangu?"

"Ndiyo."

"Na ungekufa?"

"Ningekufa nimenyooka."

Wote wawili wanakumbuka maneno hayo vilevile, ingawa kwa mengine wanapishana. Chini anasema Juu alipandwa na hasira. Juu anasema alipandwa na kicheko, akakizuia kwa sababu alikuwa na lake la kusema, na alikuwa amelimeza kwa miezi mingi.

Mwandishi alimkuta Juu palepale kwenye stuli yake, shati limechomekwa, mgongo kweli umenyooka. Ukimtazama kwa haraka utadhani hana shida yoyote duniani. Alipoanza kueleza, alishusha sauti ili wateja wasisikie.

"Watu wanadhani nimepumzishwa," anasema. "Nimewekwa hapa kama ua la plastiki. Kila asubuhi nawapangia wenzangu safari. Chini anatoka na yule mwingine, mimi nabaki naangalia mlango. Sauti yangu ilikuwa na kazi, bwana. Sasa kazi yake kusema 'duka limefungua, karibuni.'"

Yule mwingine ndiye mbebaji mpya, ambaye kwa tabia yake wamemwita Mkimya. Juu anakiri kuwa tangu siku ya kwanza hakumpenda, na kosa la kijana wa watu lilikuwa moja tu, kushika mahali pake. Mara mbili aliaga dukani kuwa anakwenda kuchukua dawa, akawafuata Chini na Mkimya hadi kwenye jengo la mteja. Akasimama chini ya ngazi, nyuma ya mlango wa kuingilia, akasikiliza.

"Nilikuwa naomba kabati likwame," anasema. "Si livunjike, hapana. Likwame tu. Ili Chini aseme, angekuwepo Juu."

Hayo ndiyo aliyomwambia mwenzake siku ile mbele ya magodoro. Alimwambia achukue mgongo wake mpya, achukue na mshono, achukue stuli na simu, ila amrudishie ngazi zake.

Chini alikaa kitako kwenye godoro.

"Lilikwama," akamwambia. "Na nilisema."

Mtu wa kawaida angesema wivu uliishia hapo. Mkewe Chini anacheka akisikia hivyo. Kwa maelezo yake, mumewe alirudi nyumbani siku hiyo na uso umechangamka, akala sahani mbili, akawa anatembea huku na huku chumbani akirudia jambo moja: kumbe na yeye ananionea wivu. Kumbe na yeye.

"Ile ndiyo sindano niliyokuwa naitafuta," Chini mwenyewe anasema. "Mwaka mzima najiona mimi ndiye niliyeachwa. Kumbe jamaa anajificha nyuma ya milango ya watu kunisikiliza nikibeba."

Wiki iliyofuata alirudi kwa yule daktari wa kwanza, akamwambia amekubali kulala sakafuni.

Leo yuko wiki ya saba. Chumba cha mazoezi ni kirefu, kina mikeka ya bluu iliyokwanguka, mipira mikubwa na kioo kinachofika mpaka chini. Chini analala chali, anakunja magoti, ananyanyua kiuno, anashikilia, anashusha. Kwenye mkeka wa pili, akifanya hivyohivyo, yuko Juu.

Ilibainika kuwa Juu naye alikuwa ameandikiwa mazoezi baada ya upasuaji, akayaacha mara tu alipoona anaweza kuokota kalamu. Aliposikia Chini ameanza, naye akaanza. Mtaalamu wa mazoezi, dada mwenye sauti laini na macho makali, amelazimika kuitenganisha mikeka yao, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akichungulia mwenzake ameshusha kiuno au bado.

"Nawaambia hapa hakuna mashindano," anasema. "Wananiitikia 'sawa dada,' halafu nikigeuka tu wanaanza kutetemeka kwa kushikilia. Lakini wanakuja kila siku yao. Wagonjwa wengine natamani wangekuwa na wivu kama huu."

Maumivu hayajaisha. Chini anasisitiza hilo liandikwe, asije mtu akadhani makalio yaliyonyanyuliwa ni miujiza. Kwa kipimo cha hospitali cha moja hadi kumi, alianza na nane, sasa anataja tano, na siku za kabati kubwa sita. Vidonge amepunguza. Mkanda aliokuwa ameununua ili ufanane na ule aliovaa Juu baada ya kupasuliwa ameutundika nyuma ya mlango. Makabati makubwa sasa hutolewa milango na rafu kabla ya kupandishwa, jambo ambalo mwenye duka alilikubali baada ya kusikia habari za selotepu na kuogopa kitakachofuata.

Na soksi anavaa mwenyewe. Siku ya kwanza alipofanikiwa, alimwita mkewe aje aone, akazivua, akazivaa tena.

Kama ataweza kubeba kwa miaka mingine kumi, hajui. Daktari hajui pia, na amemwambia hivyo. Akiulizwa kama bado angechagua kupasuliwa, Chini anamtazama Juu anayejifuta jasho kwenye mkeka wa pili.

"Roho inataka bado," anasema. "Ila mgongo wangu haukuombwa ushauri na roho yangu. Huu ndio nilionao."

Kuna kazi moja anayoisubiri. Binti yake mkubwa, aliyeolewa kwa makabati ya baba yake, ni mjamzito, anaishi ghorofa ya tatu katika jengo ambalo lifti yake ni ukuta wenye mlango. Seremala wa karakana anamtengenezea kitanda cha mtoto, cha fito. Juu ameruhusiwa na daktari wake kuanza kubeba vitu vyepesi mwezi ujao. Wawili hao wamekubaliana watakipandisha wao.

"Kitanda chenyewe mtu mmoja anakipachika kwapani akaondoka nacho," anasema mkewe Chini. "Hawa wanataka kukipandisha wawili, tena kwa utaratibu."

Ugomvi ulikuwa nani awe wapi. Juu hatakiwi kuinama, na wa juu lazima ainame. Kwa hiyo Juu alitaka nafasi ya chini. Chini alikataa kata kata. Alisema amepokonywa ugonjwa, amepokonywa upasuaji, hatapokonywa na jina. Walinuniana wiki nzima, wakaendelea kufanya mazoezi mikeka ikiwa mbalimbali.

Kisha Chini akaenda karakana kukiona kitanda. Seremala alikuwa amekisimamisha kwa ubavu. Chini akachuchumaa upande mmoja kama anayetaka kukibeba, na katikati ya fito akamwona seremala, uso mzima, amesimama upande wa pili.

"Miaka ishirini na zaidi nimebeba na yule bwana, uso wake nikiwa kazini sijawahi kuuona," anasema. "Katikati lilikuwa kabati. Namjua kwa sauti tu."

Siku iliyofuata alimwambia Juu kuwa nafasi ya chini amempa, kwa safari hiyo moja, na asizoee. Chini mwenyewe atatangulia kinyumenyume, ataona mwenzake anavyobeba, na kuona kama jasho lake ni la kweli. Alitoa sharti moja tu, kwamba ngazi atazitaja yeye, si Juu.

Kazi hiyo, aliyoiita ya mdomo kwa nusu ya maisha yake, kumbe hajui namna ya kuifanya. Ameanza kujifunza. Mazoezi ya nyumbani huyafanya sakafuni kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na mtaalamu wake alimwagiza ahesabu kwa sauti ili asibane pumzi. Mkewe, akiwa kwenye cherehani mlangoni, anasema hajawahi kumsikia akihesabu moja, mbili, tatu.

Kinachosikika ni kiuno kikipanda na kushuka juu ya mkeka, na sauti ya mzee mmoja anayejaribu kufanana na ya mwingine.

"Ngazi. Ngazi. Kona. Pumua."